Upande wa Kusini wa Yarla

Msiniulize jina langu. Nilikuwa nalo, zuri tu, nililopewa siku niliyozaliwa kwa sababu lilikuwa la shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa somo yangu. Alipokufa, jina lilikufa naye kama inavyopasa, na hapa Kisima cha Mwewe, kijiji chetu cha jangwani, hakuna atakayelitamka mpaka matanga yaondolewe. Kwa sasa naitwa Asiyetajwa. Nesi mpya aliyeletwa juzijuzi alilisoma jina lile kwenye faili akaliita kwa sauti, kliniki imejaa watu, na akina mama wote waliokuwa kwenye benchi wakainamisha vichwa. Nilimjia juu. Baadaye nilimwonea huruma, lakini si sana.

Kwa hiyo marehemu nitamwita Shangazi, na inatosha.

Hakuwa mtu wa ajabu. Wageni wanaonunua picha zetu hupenda kuambiwa kwamba mchoraji ni mganga, au anaongea na nyota. Shangazi alifua mashuka ya kliniki miaka na miaka. Alipenda karata kuliko chakula, alifuga mbwa wasiojua hata kubweka, na chai yake ilikuwa nusu maji nusu sukari, hata ukiikoroga kwa kijiko kijiko kinasimama. Ukimwambia apunguze, anakuuliza wewe umepunguza nini. Alichokuwa nacho, ambacho wengine hawakuwa nacho, ni yarla.

Yarla ni kiazi cha porini. Juu ya mchanga utaona kichaka chenye maua ya zambarau, cha kupitwa tu na mtu asiyejua. Chini, kiazi kikinenepa, ardhi hupasuka ufa mwembamba, na mwenye macho huuona, akachimba kwa mtaimbo, akakioka kwenye majivu ya moto. Hiyo ndiyo yarla ya kula. Ile nyingine, iliyopita chini ya ardhi zamani za kuumbwa dunia na kuacha mabonde na mawe ilipopita, ndiyo nchi ya babu yangu. Ikawa ya baba na Shangazi, na sasa ni yangu. Mengine si ya kuandikwa.

Nimesema yangu, lakini kwa muda mrefu nilikuwa na nusu tu. Upande wa kaskazini nilionyeshwa na baba kabla hajafa. Upande wa kusini, ambako mizizi inasongamana kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, babu alimwonyesha Shangazi peke yake. Akawa ananigawia kidogo kidogo, leo mzizi mmoja, mwakani mwingine. Alidhani ana muda.

Alikuwa akichora sakafuni, kwenye kibaraza cha kituo cha sanaa, turubai limetandazwa na yeye amekaa juu yake, mbwa wamelala kwenye sehemu ambazo rangi haijafika. Alianza na mizizi mikubwa, akafuata na midogo, halafu nukta, nukta, nukta, mpaka ukiangalia unaona ardhi inapumua. Lakini hakuchora peke yake, na hapa lazima nieleze, maana bila hili hamtaelewa kilichotokea. Kwetu kila nchi ina mwenye na mlinzi. Mwenye hurithi kwa baba, mlinzi hurithi kwa mama. Mwenye ndiye anayechora. Mlinzi hukaa pembeni akiangalia mkono wake, akimwambia hapa sawa, hapa umekosea, hapa ni nchi ya watu wengine. Mwenye akichora bila mlinzi, anachafua kitambaa tu.

Mlinzi wa Shangazi alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake. Naye amekufa, naye jina lake halitajwi, kwa hiyo nitamwita Mtani, maana hao wawili walitaniana tangu wakiwa watoto uchi. Mtani alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mnene, miguu ameinyoosha, akinywa chai ya mwenzake.

"Nungarrayi," angesema, akimwita kwa jina la ukoo, "mzizi huo umelewa?"

"Umelewa kwa kukaa karibu na wewe."

"Unakwenda kwa wakwe zako. Urudishe nyumbani kabla hawajaupika."

Shangazi angetukana, kisha angeufuta mzizi kwa kidole na kuupitisha pengine. Hakuwahi kubisha hata mara moja. Na kwa kuwa hakujua kuacha, angeweza kuweka nukta mpaka turubai litoboke, Mtani ndiye aliyekuwa akimalizia. Angeegemea mbele, aangalie kona zote, aseme, "Basi. Kiazi kimeiva." Hapo Shangazi alitia brashi kwenye kopo la maji, hata kama alikuwa katikati ya mstari.

Halafu figo zake zikakataa kazi.

Ugonjwa huu umetumaliza. Hakuna nyumba hapa isiyokuwa na mtu kwenye mashine ya kusafisha damu. Mashine ziko mjini, Alice Springs, mwendo wa siku nzima kwa njia ya vumbi, na mgonjwa akishafungwa kwenye mashine hiyo, amefungwa mjini pia. Siku moja analala amechomwa sindano mkononi, damu ikitoka na kurudi, siku ya pili anapumzika, siku ya tatu anarudi kulekule. Shangazi alipewa chumba kwenye hosteli ya wagonjwa. Ukutani, juu ya friji, kulikuwa na karatasi yenye picha za vyakula vilivyokatazwa. Cha kwanza kabisa kilikuwa kiazi, kimepigwa msalaba mwekundu. Daktari alikuwa amemweleza kwamba kwenye viazi, vya dukani na vya porini, kuna chumvichumvi ambayo figo zikiwa nzima huitoa, na zisipokuwa nzima inasimamisha moyo.

"Ona," Shangazi aliniambia siku ya kwanza niliyomtembelea, "wameichora yarla yangu kisha wakaipiga msalaba."

Alicheka, nami nikacheka, lakini nilitamani kuichana ile karatasi.

Hata hivyo aliendelea kuchora, pale hosteli, na Mtani alikuwa akipanda basi la jangwani kuja kumwangalia mkono na kumtukana. Yalikuwa maisha ya kubanwa, lakini yalikuwa maisha.

Mtani alikufa wakati wa baridi. Alianguka akitoka dukani, mkate bado umo kwapani. Habari zilifika mjini asubuhi ya mashine, Shangazi tayari amechomwa sindano. Ndugu zetu waliokuwa mjini walikuja na gari, wakalisimamisha nje ya kliniki bila kuzima injini, na nesi akawaambia bado saa kadhaa. Gari lilikuwa limejaa watu na watoto. Hawakuweza kungoja. Shangazi aliwaona kupitia dirishani wakiondoka. Alipanga kwenda kesho yake na basi, lakini mvua ikanyesha, mvua ambayo wakati wa baridi hatuioni mara nyingi, barabara ikageuka tope jekundu na polisi wakaifunga. Ilipofunguliwa, ilikuwa siku ya mashine tena.

Mimi nilikuwa hapa, kwenye kambi ya matanga. Tulikuwa tumejipaka udongo mweupe, tumenyoa nywele, tumejipiga vichwa mpaka damu, kama ilivyo haki ya maiti. Kila aliyefika alikwenda kukaa mbele ya wafiwa, akawapa mgongo, akainama, apigwe au asipigwe, alie. Kuna watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu msibani, asiyekuwepo lake ndilo linalokuwepo kuliko ya wote, maana ndiye anayeulizwa kifo kimetoka wapi.

Na aliyekuwa akiuliza ni Lorna, mdogo wake Mtani. Lorna ni mwembamba, mkavu, mvi kichwa kizima, na kwa hesabu ya ukoo wetu mimi ni mama yake, kwa kuwa nimekaa kwenye nafasi ya mama mzazi wake. Ananiita mama tangu nikiwa na meno ya utotoni. Mtani hakuzaa. Lorna alizaa binti mmoja, aliyekufa kwa ajali ya gari. Kwa hiyo ulinzi wote wa yarla ulikuwa umebaki kwake yeye mmoja. Alisimama katikati ya kambi, rungu mkononi, udongo umekauka usoni, akasema maneno ambayo kila mtu aliyasikia.

"Yarla imefungwa. Amekaa mjini anakunywa chai, dada yangu yuko chini ya mchanga. Asishike brashi. Asile kiazi cha nchi ile. Nitafungua mimi nikitaka."

Mtu yeyote angekuwa amefunga, hilo ni jambo la kawaida. Akifa mlinzi, nchi yake na chakula chake na picha yake hupumzika mpaka matanga yaishe. Lakini matanga yana mwisho wake. Lorna aliyarefusha kwa hasira.

Mimi ndiye niliyepeleka habari mjini. Shangazi alikuwa kitandani, mikono juu ya blanketi. Nilimwambia yote, na kwa kuwa nina domo, nikaongeza kwamba Lorna amepagawa, kwamba hakuna anayeweza kukimbia na sindano mkononi. Aliamka, akaosha brashi zake moja moja kwenye sinki, akazifunga kwa uzi, akanikabidhi.

"Ana haki," alisema. "Na wewe funga mdomo."

Ndipo ukaanza ukimya wa brashi. Merryn, mzungu anayesimamia kituo chetu cha sanaa, si mtu mbaya, lakini ni mtu wa haraka. Alikwenda mjini mara kadhaa kumbembeleza. Picha za yarla zilikuwa zinasubiriwa na watu wa mbali. Akamshauri achore maua, ndege, chochote; Shangazi akamjibu kwamba maua yana wenyewe na ndege wana wenyewe. Mwisho Merryn akamwambia kwa upole kwamba Kisima cha Mwewe ni mbali, akichora mle chumbani nani atajua?

"Lorna atajua," Shangazi alimwambia, "na mimi nitajua. Wawili tunatosha."

Ikapita baridi moja, joto, baridi nyingine. Alikonda. Mbwa wake huku nyumbani walikufa, nikawa namdanganya kwamba wapo. Kila nilipokwenda mjini nilimkuta amekaa nje ya hosteli kwenye zege, kidole chake kinatembea juu ya zege pasipo kuacha alama, mzizi kwa mzizi. Nikikaa karibu kuangalia alikiinua kidole. Hakunionyesha. Yarla ilikuwa imefungwa, na mwenye hawezi kumpa mtu kitu kilichofungwa, hata awe somo yake. Nilikuwa nakaa pale kwa hasira: pembeni yangu kuna nusu ya nchi yangu, imo ndani ya kichwa cha mwanamke mmoja mgonjwa, na siwezi hata kuiomba.

Kisha daktari akaniita ofisini. Aliongea kwa mzunguko, lakini nilimwelewa. Moyo wake umechoka, mishipa ya mkono inakaribia kugoma, tusitegemee kumwona baridi nyingine. Nilirudi chumbani nikifikiri nitaficha. Shangazi aliniangalia usoni, akauliza gari langu lina mafuta.

"Kesho una mashine," nikamwambia.

"Mashine itakuwepo. Nipeleke kwa Lorna."

Nilijua maana yake. Alikuwa anakwenda kukaa mbele ya Lorna, ampe mgongo, apigwe alichopaswa kupigwa siku ya matanga. Lorna ana mkono mzito kwa umbo lake; ameshapasua vichwa viwili ninavyovifahamu. Nilimwambia Shangazi kwamba pigo moja litamuua. Akasema basi tununue unga na chai, mtu haendi mikono mitupu. Tukanunua unga, chai, blanketi jipya na makopo ya nyama, tukaondoka alfajiri. Njia nzima alilala, akiamka tu kunilaumu naendesha kama bibi kizee.

Tulifika jua likiwa bado kali. Lorna alikuwa nje ya nyumba yake kwenye moto, anageuza mkate majivuni. Alituona. Hakuinuka. Shangazi alijipaka udongo mweupe tuliokuwa tumeuchota njiani, akashuka garini akinishikilia, kisha akanisukuma. Alitembea mwenyewe. Alipofika mbele ya Lorna aligeuka, akakaa chini mchangani, akainamisha kichwa kilichokuwa na nywele chache, akaanza kulia kwa sauti, ule mlio wa matanga unaopanda na kushuka. Majirani wakatoka, wakasimama mbali.

Lorna alichukua rungu. Alisimama nyuma yake, akaliinua juu, na akalishusha mchangani, karibu na goti la Shangazi, kwa nguvu mpaka vumbi likaruka. Akalishusha tena mchangani. Kisha akapiga magoti akamshika mkono ili amwinue, kama ifanyikavyo mambo yakiisha.

Alikuwa ameshika mkono wa mashine. Madaktari huunganisha mishipa pale ili sindano zipate pa kuingia, na damu ikipita kwa kasi, mkono unanguruma ndani kwa ndani. Ukiugusa unausikia. Lorna aliuachia kama aliyeguswa na kaa la moto, halafu akaushika tena, polepole.

"Nini hiki ndani yako?"

"Ni mashine," Shangazi alisema. "Hainiachi hata nikitoka."

"Siku ile dada alipokufa—"

"Nilikuwa nimefungwa nayo. Niliwaona wanaondoka."

"Mbona hukuniambia, mjinga wewe?"

"Ningekuambiaje, na hunisemeshi?"

Lorna alilia. Sijawahi kumwona akilia hivyo hata kwa binti yake. Walikaa pale mchangani wameshikana, mkate ukaungua, na hakuna aliyeusogeza.

Kesho yake tulikwenda nchini kwetu, sisi watatu, Lorna akiwa mbele kwa sababu ndiye mlinzi. Ile kesho ilikuwa siku ya pili bila mashine. Nilikuwa nimemsihi Shangazi turudi mjini kwanza, tuje wiki nyingine. Akanijibu kwa mkono tu, ile lugha ya vidole ambayo wanawake wetu huongea wakiwa matangani, na alichokisema kwa vidole vyake sikirudii hapa. Miguu yake ilikuwa imevimba. Lorna alifagia njia kwa matawi, akawasha majani mabichi, akatupitisha kwenye moshi. Akaona ufa kabla yetu, akachimba kwa mtaimbo, akatoa kiazi kinene, akakioka.

Hapo ndipo nilipokumbuka kilichobaki. Chakula kilichofungwa hufunguliwa mdomoni. Mlinzi hukipaka kwenye midomo ya mwenye, na mwenye hukila. Asipokila, hakijafunguliwa. Lorna alikuwa amekwisha kukimenya. Hakujua, nani angemwambia habari za karatasi ya hosteli? Shangazi aliniona ninavyomwangalia, akanifanyia kidole: nyamaza.

Sikunyamaza. "Lorna, mwanangu, kiazi hicho asile. Daktari amekataza. Kinasimamisha moyo."

Mkono wa Lorna ukasimama hewani. Aliangalia kiazi, akamwangalia Shangazi, na uso wake ukawa wa mtoto aliyeshikwa na kitu si chake.

"Daktari si mlinzi wangu," Shangazi alisema. Hakuwa na hasira. "Lorna, nipake."

"Nikupake kidogo tu, uteme?"

"Kwani umenifungia kidogo?"

Lorna akampaka, machozi yakimtiririka. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo nilivyosema moyoni, na nikamchukia Shangazi wakati ule kwa dakika nzima. Yeye alikila chote. Alitafuna kwa macho yaliyofumbwa, mvuke unamtoka mdomoni, akalamba majivu vidoleni, akasema huyu Lorna hajui kuoka.

Hakufa siku ile. Kwa hiyo tulitandaza turubai.

Kuna banda la matawi pale, la wawindaji. Tulilala hapo. Merryn alituletea rangi na maji, akaona miguu ya Shangazi, akaenda kuongea kwenye simu ya gari. Nesi akaja na gari la kliniki, Shangazi akamwambia kwamba ana akili zake timamu na hataki, nesi akamwachia dawa za maumivu akaondoka akipangusa pua. Kisha tukabaki. Shangazi alichora mizizi mikubwa ya kusini kwa mkono wake. Midogo alinishika mkono wangu, akauongoza, na mkono wake uliokuwa juu ya wangu ulinguruma mpaka brashi ikatetemeka. Huu unapita chini ya jiwe. Huu unarudi. Hapa babu yako alilala. Hapa usiweke kitu, acha wazi. Alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda kilima, na aliongea bila kupumzika, nami sikupoteza hata neno moja.

Lorna alikaa kwenye ndoo. Alijaribu kutania kama dada yake, na hakujua. Aliwahi kusema, "Mzizi huo... ni mwembamba kama mimi," akaona aibu. Shangazi alicheka kwa kumheshimu.

Mchana mmoja picha ikawa imekwisha. Mimi mwenyewe niliona. Hakukuwa na mahali pa kuweka hata nukta. Shangazi alimgeukia Lorna akasubiri.

"Bado," Lorna alisema. "Pale kwenye kona."

Tukaweka nukta kwenye kona. Akasema bado, pale katikati pamefifia. Tukarudia katikati. Akasema bado, na alikuwa haangalii tena turubai, alikuwa anaangalia midomo ya Shangazi iliyokuwa imegeuka rangi. Nilimwelewa. Alikuwa ameshafunga mdomo huu kwa chuki mwaka na zaidi, na sasa alikuwa anatafuta nukta moja zaidi, na moja zaidi, na nadhani angetufanya tupake rangi juu ya mchanga wa jangwa lote.

"Lorna," Shangazi alisema, "sema, mtani wangu. Mkono umechoka."

Lorna aliegemea mbele. Aliangalia kona zote, moja baada ya nyingine, kwa haki.

"Basi," alisema. "Kiazi kimeiva."

Shangazi alitia brashi kwenye kopo. Akaniomba nimlaze kwa ubavu, akitazama kusini. Jua lilipoanza kulegea alikuwa hayupo.

Mtadhani nikaanza kuchora. Hapana. Akifa mwenye, yarla hufungwa, kama ilivyofungwa alipokufa mlinzi. Banda tulilibomoa. Picha iko kituoni, imegeuzwa uso ukutani. Merryn amejifunza, haigusi. Ninao sasa upande wa kusini wote, umo kichwani mwangu kama ulivyokuwa kichwani mwake, na siwezi kuuchora wala kumwonyesha mtu mpaka Lorna anipake kiazi mdomoni. Usiku mwingine naamka nikiurudia kwa kidole juu ya blanketi, nikiogopa nimesahau mzizi. Ninamkosa Shangazi kwa namna inayonitia hasira. Ninakosa hata matusi yake.

Wiki iliyopita nilikwenda mjini. Lorna alikuwa kwenye hosteli ileile, chumba kingine.

"Mama, umeniletea nini?" aliniuliza.

"Sikuleta kitu."

"Mchoyo wewe."

Nilikaa kitandani kwake. Mwenye haulizi matanga yataondolewa lini, si adabu. Lorna alijua nilichotaka kuuliza. Alivuta mkono wake kutoka chini ya blanketi, kidonda bado kibichi, akauchukua mkono wangu akauweka juu yake. Ulinguruma chini ya kiganja changu, mpya, wenye nguvu.

"Nimewaambia madaktari hawa," alisema, "lazima nije nikupake mimi mwenyewe. Nimewaambia ni kazi."

Nikamuuliza wamejibu nini. Alikuwa anaangalia juu ya friji, karatasi kama ile ya Shangazi, yenye kiazi kilichopigwa msalaba. Aliiangalia sana, kichwa ameinamisha upande, kwa jicho la mlinzi.

"Aliyechora ile," akasema, "hana mtu wa kumwangalia mkono."

Nilicheka. Kisha nikalia, na sikuuondoa mkono wangu.